Sampuli Iliyowekwa Kando

Mwaka 1899 kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin kilimwajiri kijana aliyesomea kemia na hisabati Oxford, William Sealy Gosset. Shayiri ndiyo iliyompa kazi. Shamba la majaribio huvunwa mara moja kwa mwaka, na kila kipimo cha maabara hula fedha na muda, kwa hiyo mezani kwake palikuwa na namba nne, saba, labda kumi. Takwimu za enzi hizo ziliwafaa wenye vipimo kwa mamia. Mwaka 1906 Gosset alikwenda London kusoma kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha katika jarida la Biometrika njia ya kukadiria shaka iliyomo katika vipimo vichache. Mwajiri wake hakutaka wafanyakazi watie majina yao kwenye maandishi ya aina hiyo, hivyo akajiita "Student". Jaribio la t, ambalo leo kila mwanafunzi wa takwimu hukutana nalo, lilitoka huko kwenye shayiri.

Fani iliyokua kutokana na maswali ya namna hiyo inaitwa kemometriki: kutumia hisabati na takwimu kupanga majaribio ya kemia na kusoma data zake. Historia yake imenivuta kwa muda mrefu kwa sababu moja. Kila kizazi kimepata chombo kipya au programu mpya iliyoahidi kuiondoa shaka ya Gosset, na kila mara shaka ile ile imerudi kubisha hodi.

Tuseme kwanza juu ya kiwanda kingine cha bia. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Johan Kjeldahl alibuni njia ya kupima protini ya nafaka. Nafaka huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfa hadi nitrojeni yote igeuke kuwa chumvi ya amonia, kisha amonia hiyo hutolewa na kupimwa. Nitrojeni iliyopatikana huzidishwa kwa namba maalumu, mara nyingi 6.25, na jibu huitwa protini. Njia hii imetumika duniani kote kwa zaidi ya karne, na imestahili heshima hiyo. Lakini inachopima ni nitrojeni. Mwaka 2008 nchini China iligundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wametia melamini kwenye maziwa yaliyoongezwa maji. Melamini ni kemikali ya viwanda ambayo theluthi mbili za uzito wake ni nitrojeni, kwa hiyo kipimo kiliyaona maziwa yale kuwa yamejaa protini. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na kwa hesabu rasmi sita walikufa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu modeli nyingi za kemometriki hufundishwa kwa kipimo cha rejea. Kipimo hicho kikidanganyika, modeli hurithi uongo wake, na huurudia kwa kasi kubwa zaidi.

Hisabati ilitangulia mashine za kuitumia. Mwaka 1901 Pearson alikwisha kuonyesha jinsi ya kuchukua wingu la nukta na kupata mstari au bapa linalolipitia kwa karibu zaidi. Mwaka 1933 Harold Hotelling, Mmarekani, aliikuza njia hiyo na kuipa jina linalotumika mpaka leo, uchambuzi wa vijenzi vikuu. Mwaka 1936 R. A. Fisher alitenganisha aina tatu za ua la irisi kwa kutumia vipimo vinne vya kila ua. Yote hayo yalifanywa kwa kalamu na mashine za kukokotoa za mkono, na wakemia wengi hawakuyajali.

Aliyewalazimisha wayajali alikuwa mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Karl Norris, akifanya kazi Beltsville, Maryland, alianza kupima mazao kwa mwanga wa infraredi ya karibu, ule ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona kwa macho. Wanaspektroskopia wa wakati ule waliudharau ukanda huo, na walikuwa na sababu. Maji, protini, wanga na mafuta vyote hufyonza mwanga humo, na alama zao hulaliana. Ni kama kusikiliza taarabu ukiwa nje ya ukumbi: fidla, udi, ganuni na ngoma vinakufikia vikiwa sauti moja. Norris alitambua kwamba huhitaji kumwona kila mpigaji. Ukipima mwanga katika mawimbi kadhaa kwa pamoja na kulinganisha na majibu ya maabara kwa sampuli nyingi, hesabu inaweza kuitoa fidla peke yake. Kazi hiyo ya kukifundisha chombo kitoe jibu linaloendana na kipimo cha kuaminika ndiyo ugezi.

Mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada, yenye makao yake Winnipeg, ilianza kuitumia njia hiyo kupima protini ya ngano badala ya Kjeldahl, kazi iliyoongozwa na Phil Williams. Ngano ilikuwa ikitenganishwa kwa kiwango cha protini kabla ya kuuzwa, na mabehewa hayawezi kusubiri asidi ichemke kwa saa kadhaa. Sasa jibu lilipatikana kwa dakika chache, bila asidi na bila zebaki iliyokuwa ikitumika kuharakisha uchemshaji. Naamini hapo ndipo fani hii ilipoingia utu uzima, hata kama jina lake lilikuwa bado changa.

Jina hilo lilitoka Sweden. Mwaka 1971 Svante Wold wa Chuo Kikuu cha Umeå alikuwa akiandika ombi la fedha za utafiti na akahitaji neno la kuieleza kazi yake. Palikuwa na biometriki, saikometriki na ekonometriki, naye akaunda kemometriki. Baba yake, Herman Wold, alikuwa mwanatakwimu mashuhuri wa uchumi, na mbinu alizozibuni kwa data za jamii ndizo mwanawe na wenzake walizozihamishia kwenye kemia. Iliyo maarufu kuliko zote wakemia huiita PLS, kwa herufi zake tatu. Huko Seattle, Marekani, Bruce Kowalski alikuwa amekwisha kuanza, pamoja na Peter Jurs na Thomas Isenhour, kuifundisha kompyuta kusoma data za vipima-masi. Kowalski na Wold walikutana, na mwezi Juni 1974 jumuiya ya kimataifa ya kemometriki ikaanzishwa Seattle.

Programu zilizaliwa pamoja na jumuiya. Kundi la Kowalski liliandika ARTHUR, iliyosambazwa kwa maabara nyingine. Wold aliandika SIMCA, na wazo lake la mwaka 1976 bado linanigusa: kila kundi la sampuli hupewa modeli yake, kwa hiyo sampuli ngeni inaweza kukataliwa na modeli zote. Mbinu nyingi humlazimisha mgeni awe ama wa ukoo huu ama wa ule. SIMCA iliweza kusema simjui. Miaka ya 1980 Norway ilitoa The Unscrambler, na Harald Martens pamoja na Tormod Næs wakaandika kitabu cha ugezi wa vigeu vingi kilichotoka mwaka 1989 na kulea kizazi kizima. Barry Wise alijenga PLS_Toolbox juu ya MATLAB, programu ya hisabati, na mwaka 1995 yeye na Neal Gallagher wakaanzisha kampuni ya Eigenvector. Kisha R, lugha ya bure iliyoanzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman, ikafungua mlango kwa vyuo visivyoweza kulipa leseni. Baadaye Python ikaupanua mlango huo.

Programu ilipokuwa rahisi, hatari ilihama. Mwaka 1964 Abraham Savitzky na Marcel Golay, wa kampuni ya Perkin-Elmer, walichapisha majedwali ya namba za kulainisha spektra zenye kelele, spektra ikiwa ni mfululizo wa namba ambao chombo hutoa kwa sampuli moja. Makala yao ni moja ya zilizonukuliwa zaidi katika kemia ya uchambuzi. Baadhi ya namba zake zilikuwa na makosa, na masahihisho ya Steinier na wenzake yalichapishwa mwaka 1972. Kwa miaka minane watu walinakili namba hizo ndani ya programu zao wakiziamini. Leo ulainishaji huo ni kitufe kimoja kwenye skrini, na wanaokibonyeza bila kujua kinafanya nini ni wengi kuliko wakati ule.

Hatari kubwa zaidi ni modeli kukariri. Spektra moja inaweza kuwa na namba 700 huku sampuli zikiwa 60. Vigeu vikizidi sampuli namna hiyo, hesabu inaweza kupata mseto wa namba unaolingana na majibu yote bila kosa, hata kama majibu yenyewe yameokotwa kwa bahati nasibu. Mwanafunzi aliyekariri maswali ya mwaka jana atapata mia kwa mia, mpaka mtihani ubadilishwe. Ndiyo maana mafunzo ya fani hii yanasisitiza sampuli zinazowekwa kando, ambazo modeli haijawahi kuziona, na kwamba ziwekwe kando kabla hujaanza kuchagua chochote.

Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uliodai kutambua saratani ya ovari kwa kusoma mpangilio wa protini katika damu. Wagonjwa wote 50 wa kundi la majaribio walitambuliwa. Ilikuwa habari ya kutia machozi ya furaha, kwa kuwa saratani hiyo hugunduliwa ikiwa imechelewa. Data ziliwekwa wazi, na hilo ni la kuwashukuru watafiti. Keith Baggerly na wenzake, Houston, walizifungua na kuzichambua upya. Waliona kwamba hata sehemu za spektra zenye kelele tupu ziliweza kuwatenganisha wagonjwa na wazima, na kwamba utaratibu wa kupima ulikuwa umebadilika njiani. Modeli ilikuwa imejifunza mashine na siku, si ugonjwa. Sampuli ziliwekwa kando, ndiyo, lakini zilipimwa katika mazingira yale yale yenye kasoro ile ile. Nyuma ya kila namba palikuwa na mwanamke aliyetoa damu yake akitumaini.

Kasoro inaweza kuanza mapema zaidi, kabla ya chombo chochote. Pierre Gy, Mfaransa, alifanya kazi baada ya Vita Kuu ya Pili katika mgodi wa risasi wa M'Fouati, Kongo iliyokuwa chini ya Ufaransa. Huko alitakiwa kukadiria madini katika rundo kubwa la mawe ya kila ukubwa. Achukue kiasi gani, kutoka wapi? Hakukuwa na jibu kwenye vitabu, akalitafuta maisha yake yote, na nadharia yake ya uchukuaji sampuli ndiyo msingi tunaosimama juu yake. Mpishi huonja chumvi baada ya kukoroga. Rundo la mawe halikorogeki, na programu haiwezi kurudisha kilichoachwa chini ya rundo.

Huku kwetu fani hii iliingia kwa mlango wa udongo. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wa kituo cha kilimo-misitu duniani kilichopo Nairobi, walionyesha kwa sampuli zaidi ya 1,000 za mashariki na kusini mwa Afrika kwamba mwanga unaweza kukadiria kaboni ya udongo, asidi yake na kiasi chake cha mfinyanzi kwa gharama ndogo. Mwaka 2014 data za udongo wa Afrika zikawekwa katika shindano la kimataifa la mtandaoni la Kaggle: sampuli 1,157 za kujifunzia, kila moja ikiwa na namba zaidi ya 3,500. Baadhi ya waliokuwa juu ya jedwali wakati wa shindano walishuka sana majibu ya mwisho yalipofunguliwa. Udongo wa eneo moja hufanana kama watoto wa tumbo moja, na ukimweka kando mmoja huku ndugu zake wakibaki darasani, hujaweka kitu kando.

Huko Ifakara, Tanzania, watafiti wa taasisi ya afya wamekuwa wakipiga mwanga huo juu ya mbu. Kimelea cha malaria huhitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo umri wa mbu ni suala la uhai na kifo. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba infraredi ya karibu inaweza kutofautisha mbu wachanga na wazee, hata spishi zinazofanana kwa macho. Mbu hao wa kufundishia modeli hulelewa maabara, kwenye joto moja na chakula kimoja, na tarehe yao ya kuzaliwa inajulikana. Mbu wa kijijini amekua dimbwini, amekula alichokipata, na modeli iliyomfahamu ndugu yake wa maabara mara nyingi humkosea. Ili kujua kama modeli imekosea, mtafiti humpasua na kutazama ovari zake kwa hadubini, akitafuta dalili kwamba amekwisha kutaga. Dalili hiyo humwambia kwamba mbu ametaga au hajataga. Siku alizoishi haizisemi.