Safu ya Lugha: Marumaru au sakafu?

Juzi fundi aliniuliza, "Mzee, sebuleni tuweke marumaru au tuache sakafu?" Nikacheka. Marumaru ni jiwe la kuchimbwa, marmar ya Waarabu, tena ghali. Hizo zinazouzwa kwa boksi ni vigae vya udongo wa kuchomwa, tailizi kama tuziitavyo mtaani. Na sakafu haiondoki ukiipamba kwa vigae, mbao au terazo. Bado ni sakafu. Ajabu ni kwamba kwa Kiarabu saqf ni paa! Tazama nyumba za mawe za Lamu na Unguja: chokaa na mawe hushindiliwa juu ya boriti za mikoko, ikawa dari kwa wa chini, sakafu kwa wa juu. Basi fundi, weka vigae. Bafuni, tafadhali, visivyoteleza.