Mikono Iliyotangulia Vyeti

Mwaka 1893, katika hospitali ya uzazi ya Maternité jijini Paris, mkunga mkuu aliyejulikana kama Madame Henry alifungua jengo la peke yake kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Vitabu vya tiba huwasifu zaidi madaktari wawili wa mji huo. Wa kwanza ni Stéphane Tarnier, aliyeona mashine ya kuangulia vifaranga kwenye bustani ya wanyama akaagiza itengenezwe kama hiyo kwa watoto wa binadamu. Ilianza kutumika Maternité mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wa pili ni Pierre Budin, aliyekabidhiwa lile jengo mwaka 1895, akaandika kitabu juu ya aliyoyaona humo. Mkunga aliyesimama kati yao hupewa nusu mstari, na mara nyingi hata huo hapati.

Nimemtanguliza kwa makusudi. Leo muuguzi au mkunga anaweza kusoma shahada ya uzamili katika huduma ya watoto wachanga, akaandika tasnifu na kuvaa joho. Njia iliyofika hapo ina zaidi ya karne moja, na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo kazi ilifanywa na watu ambao hakuna chuo kilichokuwa tayari kuwaita wataalamu.

Tuanze na lile sanduku la Tarnier. Takwimu za Maternité zilizochapishwa mwaka 1883 zilionyesha kwamba vifo vya watoto dhaifu vilishuka kutoka 66 katika kila 100 hadi 38. Sifa zikaenda kwa sanduku. Lakini toleo lake lililoenea zaidi lilipata joto kutokana na chupa za maji moto, na chupa hizo hazikujibadilisha zenyewe. Kila baada ya saa chache, mchana na usiku, kulikuwa na mtu wa kuziondoa zilizopoa na kuingiza nyingine, kusoma kipimajoto, kumlisha kwa mrija mtoto asiyeweza kunyonya, kisha kurudi tena kwenye chupa. Budin mwenyewe aliona kwamba watoto wadogo kabisa waliofikishwa kwake wakiwa wamepoa hadi nyuzi 32 au chini yake walikufa karibu wote. Joto lilikuwa tiba kabla ya dawa yoyote, na joto lilikuwa kazi ya zamu.

Kilichofuata ni kipindi cha ajabu ambacho tiba haipendi kukikumbuka. Mashine zilipelekwa kwenye maonyesho pamoja na watoto wakiwa ndani yake, na watu wakalipa kiingilio kuwatazama. Maarufu kuliko wote alikuwa Martin Couney, aliyeendesha maonyesho hayo Coney Island, New York, kuanzia mwaka 1903 hadi 1943. Alijiita daktari, ingawa ushahidi wa shahada yake haujapatikana. Mzazi hakutozwa hata senti. Mtazamaji ndiye aliyelipia matibabu. Waliowashika watoto walikuwa wauguzi, akiwemo mkewe Annabelle Maye na muuguzi wake wa miaka mingi, Louise Recht. Mtu anaweza kuyachukia maonyesho yale, nami siyapendi, lakini hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na mahali pa kumweka mtoto wa kilo moja.

Chicago ndiko mambo yalikobadilika. Mwaka 1922 Dakta Julius Hess alianzisha kituo cha watoto njiti katika hospitali ya Sarah Morris, na katika miaka hiyohiyo ya 1920 uuguzi wake ukashikwa na Evelyn Lundeen, mwanamke aliyesifika kwa ukali. Kituo kile kikawa darasa: wauguzi wa hospitali nyingine walikwenda kujifunza namna ya kumlisha, kumpasha joto na kumlinda na maambukizi mtoto asiyestahimili kushikwashikwa. Mwaka 1941 Hess na Lundeen walitoa pamoja kitabu juu ya matibabu na uuguzi wa njiti. Jina la muuguzi likakaa kwenye jalada kando ya jina la daktari, jambo ambalo lilikuwa adimu mno wakati ule. Mwisho wa miaka ya 1940, New York ikaanzisha mafunzo yaliyowaita daktari na muuguzi wa hospitali moja waje kusoma pamoja. Hayakuwa ya shahada, lakini walioyabuni walijua kwamba daktari anayerudi na elimu mpya kwa muuguzi asiyeijua atakuwa amerudi mikono mitupu.

Hapa kuna visa viwili vya miaka iliyofuata ambavyo, kwa maoni yangu, vinaeleza haja ya masomo ya juu kuliko hotuba yoyote ya mahafali.

Cha kwanza kilitokea Uingereza, hospitali ya Rochford, Essex, mwaka 1956. Sista Ward, msimamizi wa wodi ya watoto njiti, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani siku za jua. Siku moja wakati madaktari wakipita wodini aliwaonyesha mtoto mwenye manjano. Mwili wake ulikuwa umerudia weupe, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki njano kabisa. Ilikuwa sehemu iliyofunikwa na ncha ya shuka. Mwanzoni madaktari hawakujua walifanyie nini jambo hilo, lakini baada ya muda chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani, juani, ilipopimwa ilionekana manjano yake yamepungua. Mwaka 1958 utafiti ukachapishwa katika jarida la Lancet, na kutoka hapo zikazaliwa taa za bluu ambazo leo zimo katika karibu kila wodi ya watoto wachanga, kuanzia Muhimbili hadi Pumwani. Waandishi wa makala ile walikuwa watatu, Cremer, Perryman na Richards. Sista Ward hayumo. Jicho lilikuwa lake, lakini njia ya kuligeuza jicho hilo kuwa utafiti ilikuwa mikononi mwa wengine.

Cha pili ni kichungu. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 watoto njiti wengi walianza kupofuka, na inakadiriwa kwamba duniani kote walifika 10,000 hivi. Ilishukiwa kwamba chanzo ni oksijeni iliyomiminwa kwa ukarimu ndani ya mashine za joto. Katika hospitali ya Gallinger, Washington, watafiti waliwagawa watoto makundi mawili: wengine wapate oksijeni nyingi, wengine kidogo. Usiku, baadhi ya wauguzi walikwenda kuwafungulia oksijeni watoto wa kundi la kidogo. Walijua kwa uzoefu wa miaka kwamba mtoto anayebadilika rangi hupewa oksijeni, na hawakuwa tayari kukaa wakitazama. Huruma yao ilikuwa ya kweli, nayo ilihatarisha macho ya watoto waliotaka kuwaokoa. Jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani la mwaka 1953 na 1954 likathibitisha kwamba oksijeni iliyozidi ndiyo iliyopofusha. Kisha madaktari nao wakateleza upande wa pili: oksijeni ikabanwa kwa wote, na baadaye ikabainika kwamba kule kuibana kulikuwa na vifo vyake.

Visa hivi vinafundisha mambo mawili yanayovutana. Rochford muuguzi aliona alichokuwa hakijaonwa na daktari. Gallinger muuguzi alikuwa na hakika ya jambo lililokuwa kosa. Anayesema uzoefu unatosha, aulizwe juu ya Gallinger. Anayesema muuguzi ni wa kutekeleza tu, aulizwe juu ya Rochford.

Baada ya hapo mashine zikaja kwa kasi. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya njiti hunywea kwa kukosa utelezi maalumu unaozuia vifuko vya hewa kushikana. Mwaka 1960 Louis Gluck alifungua wodi ya uangalizi maalumu ya watoto wachanga Yale. Agosti 1963 Patrick, mwana wa Rais Kennedy, alizaliwa akiwa na wiki 34 na kufa kwa tatizo hilohilo la mapafu kabla ya kutimiza siku mbili. Fedha za utafiti zikafuata msiba huo. Mwaka 1971 huko San Francisco, Gregory na wenzake wakaeleza njia ya kuyaweka mapafu wazi kwa msukumo mdogo wa hewa usiokatika. Kila chombo kipya kilihitaji mtu wa kukaa nacho saa 12 mfululizo na kujua, kabla ya king'ora, kwamba mtoto anachoka.

England iliunda mwaka 1970 bodi ya pamoja ya kusimamia kozi za wauguzi waliokwisha sajiliwa, na huduma ya watoto wachanga ikapata kozi yake. Baadaye, chini ya bodi mpya ya mwaka 1983, ikajulikana kwa namba 405. Marekani ilikwenda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1970 ilifundisha wauguzi wanaopima, wanaoamua na wanaotibu watoto wachanga, na kufikia mwaka 2000 shahada ya uzamili ilikuwa sharti la kupata cheti cha kazi hiyo. Uingereza ilifuata mwaka 1992, chuo cha Southampton kilipoanza kozi ya wauguzi wa ngazi ya juu. Katika mji mdogo wa Ashington, kaskazini ya England, wauguzi wa aina hiyo walishika zamu za watoto wachanga bila daktari mdogo wa kukesha nao. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 iliona huduma zao hazikuwa chini ya zile za hospitali zenye madaktari.

Kwetu Afrika Mashariki historia ilifuata njia nyingine. Pumwani ya Nairobi ilianza mwaka 1926 ikiitwa nyumba ya uzazi ya Lady Grigg. Muhimbili ilifunguliwa miaka ya 1950 ikiwa na jina la Princess Margaret. Serikali za kikoloni, na za uhuru baada yake, zilitaka muuguzi-mkunga wa kila kazi: azalishe, ashone, achanje, atoe dawa, na mtoto akizaliwa amfunge kitovu na kumkabidhi kwa mama. Wachache waliokwenda Uingereza walirudi na vyeti vya ukunga, wakawa masista wakuu. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilifika Muhimbili mwaka 1988. Mpango ule haukuwa upumbavu; palipokuwa na muuguzi mmoja kwa zahanati nzima, mtaalamu wa kiungo kimoja angekuwa anasa.

Bogotá, Colombia, nayo ilikuwa na uhaba. Mwaka 1978 Dakta Edgar Rey, aliyekuwa na watoto wengi kuliko mashine, aliwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ni huduma tunayoiita kangaruu. Budin alikwisha kuonya, miongo mingi kabla yake, kwamba mama anayezuiwa kumnyonyesha mtoto wake hupoteza hamu naye. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, ambao Muhimbili ilishiriki pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba kumwanzisha kangaruu mapema mtoto wa chini ya kilo 1.8, bila kungoja atulie, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Msomaji asidhani kangaruu ni njia ya kumkwepa mtaalamu. Mtoto aliye kifuani akiwa na mrija wa oksijeni puani humtaka muuguzi anayejua zaidi, na wodi ile humtaka awe na mamlaka ya kumruhusu mama kukaa.

Takwimu ndizo zilizolazimisha mazungumzo yabadilike. Nchini Tanzania vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 katika kila vizazi hai 1,000 kwenye utafiti wa 2015-16 hadi 43 mwaka 2022; vya siku 28 za kwanza vilitoka 25 hadi 24. Kenya, kati ya 2014 na 2022, vile vya miaka mitano vilitoka 52 hadi 41, na vya wachanga 22 hadi 21. Chanjo, vyandarua na dawa za kuharisha vilikuwa vimefanya kazi yake, lakini kwa sehemu kubwa humsaidia mtoto aliyevuka mwezi wa kwanza. Aliye ndani ya mwezi huo anahitaji mtu kando yake.

Rwanda ndiyo iliyoamua kulivaa jambo hili kwa ngazi ya chuo kikuu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, sehemu kubwa ya wauguzi wake walikuwa wa daraja la A2, yaani waliofundishwa wakiwa bado shule ya sekondari. Mwaka 2007 nchi ilisimamisha mafunzo ya daraja hilo na kuelekeza nguvu kwenye stashahada na shahada. Mwaka 2012 ulianza mpango mkubwa wa rasilimali watu wa afya, ambapo walimu wa vyuo vya Marekani walikuja kufundisha bega kwa bega na wenyeji. Na mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Rwanda kikafungua uzamili wa uuguzi wenye michepuo minane, mmojawapo ukiwa wa watoto wachanga. Kwa nchi ambayo miaka minane kabla ilikuwa bado inamtoa muuguzi sekondari, hiyo ni hatua ndefu mno.

Kenya imechagua njia ya kati, stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto wachanga katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC. Sioni sababu ya kuibeza. Hospitali ya kaunti inahitaji watu kumi wanaojua kuweka mashine ya msukumo wa hewa saa nane za usiku kabla ya kuhitaji mmoja mwenye tasnifu. Lakini bila yule mmoja, nani atawafundisha hao kumi, na nani atapeleka jaridani pembetatu ya njano ya kesho kwa jina lake mwenyewe?

Kikwazo kikubwa kwa sasa hakiko darasani. Katika hospitali nyingi za ukanda wetu wauguzi huhamishwa wodi kwa ratiba, na ratiba haisomi vyeti. Muuguzi aliyetoka miaka miwili ya masomo anaweza kujikuta wodi ya upasuaji ya wanaume, na nafasi yake kwa watoto wachanga ikashikwa na aliyeripoti kazini jana. Wala wapanga zamu si wa kulaumiwa: muundo wa utumishi ukiwa hauna cheo cha muuguzi bingwa wa watoto wachanga, hauna mshahara wake wala orodha ya maamuzi anayoruhusiwa kuyafanya pasipo kumwamsha daktari, mpanga zamu huona muuguzi tu, na leo wodi ya wanaume ina pengo.