Ndoa na Kipande: Historia ya Kukaa Ugenini na Mwenzi katika Nchi ya Songea

Suala la mtu kubaki na mumewe au mkewe katika nchi ya ugenini baada ya kibali chake kwisha muda huhesabiwa kuwa ni la sheria za uhamiaji za siku hizi, na wanaolikabili huliendea kwa mawakili na fomu kana kwamba limezaliwa pamoja na viza. Katika Songea, hata hivyo, suala hilo lina umri wa zaidi ya karne moja, kwa kuwa nchi hii, ambayo kusini inapakana na Msumbiji na ambayo kwa miongo mingi ilipeleka vijana wake kufanya kazi mbali na kwao, imepitia karibu kila namna ya uhusiano kati ya ndoa na ruhusa ya kukaa. Historia hiyo inaonyesha badiliko moja kubwa: zamani ndoa ndiyo iliyompa mgeni mahali pa kukaa, na tangu enzi ya ukoloni karatasi ya kazi ndiyo iliyoamua kama ndoa itapata mahali pa kukaa.

Wangoni wenyewe walikuja wakiwa wageni. Walitoka kusini mwa Afrika katika vurugu zilizofuatana na kupanuka kwa dola ya Wazulu, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baada ya kiongozi huyo kufariki Ufipa makundi yao yakatawanyika, hata zikaundwa katika nchi ya Songea dola mbili, yaani Njelu iliyotawaliwa na ukoo wa Gama na Mshope iliyotawaliwa na ukoo wa Tawete. Kwa kuwa waliofika kutoka kusini walikuwa wachache, dola hizo zilikua kwa kuwaingiza ndani Wandendeule, Wanindi, Wapangwa, Wabena na wengineo, ambao kwa jumla waliitwa Wasutu, na njia kuu za kuwaingiza zilikuwa mbili: vijana waliandikishwa katika vikosi vya vita, na wanawake waliolewa katika koo za watawala na wapiganaji, watoto wao wakihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Isidhaniwe kwamba utaratibu huo ulikuwa wa upole, kwani wanawake wengi waliolewa wakiwa mateka na hawakuulizwa wapendacho. Pamoja na ukatili huo, mgeni aliyekwisha kuolewa au kuoa hakuwa tena na siku ya mwisho ya kukaa, na hapakuwa na mamlaka iliyoweza kumwambia mke kwamba muda wake umekwisha ilhali mume na watoto wake wanabaki.

Mpaka wa kwanza wa kiserikali uliogusa ndoa za nchi hii ulichorwa Ulaya, pale Ujerumani na Ureno zilipokubaliana, Desemba 1886, kwamba Mto Ruvuma ndio utakaotenganisha maeneo yao. Watu wa kingo zote mbili waliendelea kuoana, lakini sasa kila dhiki ya upande mmoja iliwasukuma ng'ambo. Vita vya Majimaji vilipozimwa, na Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Kingoni mjini Songea mwaka 1906, wapo waliokimbilia kusini, akiwamo Chabruma, mtawala wa Mshope, aliyeuawa hukohuko. Kampuni ya Niassa, ambayo tangu 1891 hadi 1929 ilitawala kaskazini mwa Msumbiji kwa hati ya Ureno, nayo ilitoza kodi na kulazimisha watu kazi kwa ukali uliowafanya wengi wavuke kuja kaskazini. Mume, mke na wakwe waliweza hivyo kujikuta chini ya serikali mbili bila yeyote kati yao kubadili mila.

Karatasi iliyotenga ndoa na makazi kwa nguvu zaidi, hata hivyo, haikutoka mpakani bali ilitoka mashamba ya mkonge. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na Songea, iliyokuwa mbali na reli na masoko, haikuwa na njia nyingi za kuipata fedha hiyo. Kilimo cha tumbaku, ambacho mwaka 1936 kilipata chama chake cha ushirika kilichojulikana kwa ufupi kama NGOMAT, kiliwasaidia baadhi tu. Waliobaki walikwenda Tanga, mwendo wa kilomita 1,000 hivi, wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikishwa kwa namba, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji huo uliratibiwa na ofisi ya pamoja ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Huko kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 ambamo kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa. Mtaalamu wa elimu-jamii P. H. Gulliver, ambaye utafiti wake kuhusu safari za Wangoni na Wandendeule ulichapishwa mwaka 1955, aliona kwamba uchumi wa vijiji vya Songea haungeweza kueleweka bila kuwahesabu wanaume wasiokuwepo.

Manamba hakuvuka mpaka wa nchi wala hakuhitaji viza, lakini hali yake ilifanana sana na ya mhamiaji wa leo. Ruhusa yake ya kukaa katika nyumba za kambi ilifungwa na mkataba, na mkataba ulipokwisha alikuwa na njia chache: kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri, kuandika mkataba mwingine, au kubaki Tanga akijitegemea. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1939 kuhusu ajira za wenyeji wa makoloni uliweka kanuni inayostahili kuangaliwa kwa makini: mwajiri aliyeleta familia ya mfanyakazi alipaswa kuirudisha pamoja naye, au hata baada ya kifo chake, lakini familia iliyojisafirisha yenyewe haikutajwa kuwa dhima ya mtu. Kwa maneno mengine, mke alitambuliwa kwa nauli aliyolipiwa. Mwanamke aliyeachwa Songea naye alibaki akilima na kulea watoto chini ya ulinzi wa ndugu wa mume, na kama alifunga ndoa kanisani, tuseme katika misheni ya Wabenedikto iliyoanzishwa Peramiho mwaka 1898, mafundisho ya Kikatoliki hayakumpa ruhusa ya kuolewa tena madhali mumewe yu hai, hata kama mume huyo alikwisha kuanza maisha mengine mkongeni. Gharama hiyo ililipwa na wanawake, na vitabu vya hesabu vya mashamba havikuiandika popote.

Baada ya uhuru suala likageuka, kwa maana Songea ikawa yenyewe nchi ya ugenini kwa wengine. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964 wakimbizi walivuka Ruvuma kwa wingi, na makazi kama ya Muhukuru yakatengwa kwa ajili yao, huku sheria ya mwaka 1965 ya kudhibiti wakimbizi ikimtaka kila mmoja awe na kibali na akae alikopangiwa. Waliishi na kuoana na wenyeji, ambao mara nyingi walikuwa ndugu zao kwa lugha na ukoo. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 sababu ya ukimbizi ilikoma, na jambo hilohilo likajirudia kwa wakimbizi wengine baada ya mapatano ya Roma ya Oktoba 1992 yaliyomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya Msumbiji na waasi wa RENAMO. Kisheria hadhi ya ukimbizi hukoma pale hatari iliyoileta inapokoma, ila ndoa haikomi nayo.

Hapo ndipo sheria ya uraia ilipoamua hatima ya nyumba nyingi, na iliamua kwa kuangalia jinsia. Tangu uhuru mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia amekuwa na haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 iliendeleza utaratibu huo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa raia hakupewa haki kama hiyo, bali hutakiwa kupitia masharti ya kawaida, ambayo hudai miezi 12 mfululizo ya ukaazi kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya miaka isiyopungua 7. Dosari hiyo ni kubwa, kwa sababu binti wa Songea aliyeolewa na mtu wa Msumbiji hakuwa raia kwa kiwango pungufu kuliko kaka yake aliyeoa ng'ambo.

Nchi nyingine zimepanga mambo kwa namna zao. Marekani humruhusu mwenzi wa raia, mradi aliingia kihalali, kuomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi hata kama muda wake wa kukaa umepita. Uingereza haimruhusu aliyeingia kwa viza ya matembezi kubadili hadhi na kuwa mwenzi akiwa humohumo, na tangu Aprili 2024 hudai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kwa anayeomba mara ya kwanza kwa njia ya ndoa. Mtu wa Songea anayefika mbele ya ofisi hizo hukutana pia na kikwazo cha ushahidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huzitambua ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali, na huwadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja kwa miaka 2 na kujulikana hivyo, lakini ofisi za ugenini hutaka cheti. Ndoa iliyotolewa mahari mbele ya wazee wa pande mbili, ikadumu miaka 20 na kuzaa watoto, huweza kushindwa na karatasi ambayo haikuandikwa. Kwa sababu hiyo kuiandikisha ndoa ya kimila mapema, kabla yeyote hajafunga safari, kumekuwa sehemu ya maandalizi ya kukaa ugenini sawa na pasipoti yenyewe.

Ndani ya Tanzania, mgeni aliye na kibali cha ukaazi huweza kumwombea mwenzi wake pasi ya mtegemezi, ambayo huishi kwa kutegemea kibali hicho na hufa nacho. Mpangilio huo unafanana zaidi na ule wa mkongeni kuliko ule wa Njelu na Mshope: mmoja ndiye mwenye hati, na mwenziwe huandikwa pembeni mwake. Katika kituo cha mpakani cha Mkenda, ambako barabara itokayo Songea huvuka Ruvuma kuelekea Matchedje na Lichinga, ndoa za kingo mbili zingali zikifungwa, na mume wa kigeni anayehamia upande wa kaskazini bado huhesabiwa miaka yake 7.