Protini Safi, Ushahidi Mchafu: Funzo la HSP70 katika Utafiti wa Mawasiliano ya Seli

Protini nyingi za binadamu zinazotumika maabara kuchunguza mawasiliano ya seli hazitoki kwa binadamu. Jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, mara nyingi Escherichia coli, nao huzalisha protini hiyo kwa wingi. Kisha protini husafishwa, hukaushwa na kuuzwa katika vichupa. Njia hii ndiyo iliyowezesha insulini ya binadamu kuidhinishwa Marekani mwaka 1982. Hata hivyo, protini haiwi peke yake ndani ya kichupa. Makala hii inadai kwamba matokeo ya mawasiliano ya seli hayana uzito mpaka mtafiti athibitishe kuwa seli ziliitikia protini yenyewe, wala si mabaki ya bakteria walioizalisha.

Kisa cha HSP70 kinatosha kuonyesha hatari hiyo. HSP70 ni protini ya mshtuko wa joto. Kazi yake inayofahamika vyema ni kuzisaidia protini nyingine kujikunja ipasavyo ndani ya seli, hasa seli inapokuwa katika dhiki. Mwaka 2000, Asea na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Medicine utafiti uliodai kwamba HSP70 ikiwa nje ya seli huziamsha seli za kinga zitoe saitokini, yaani protini za kupashana habari kati ya seli, ikiwemo TNF, kwa kupitia kipokezi CD14. Dai hilo lilivutia wengi, kwa sababu lilimaanisha kuwa tishu iliyojeruhiwa inaweza kuipigia kinga mbiu ya hatari hata pasipo vimelea.

Lakini CD14 ni kipokezi kilekile kinachosaidia kutambua endotoksini, yaani lipopolisakaridi ya utando wa nje wa E. coli. Mwaka 1998, kundi la Bruce Beutler lilikuwa limeonyesha kwamba panya wasioitikia endotoksini wana kasoro katika jeni ya kipokezi TLR4. Ugunduzi huo ulimpa Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Tafiti zilizofuata za HSP70 nazo zikaitaja TLR4. Mwaka 2003, Gao na Tsan waliripoti katika Journal of Biological Chemistry kwamba HSP70 ya binadamu iliyosafishwa hadi kubaki na endotoksini kidogo mno haikuzifanya makrofaji za panya, ambazo ni seli za kinga, zitoe TNF. Ile ya kununuliwa, iliyokuwa na endotoksini zaidi, ilifanya hivyo, na endotoksini yake ilitosha kueleza mwitikio huo.

Kwa nini watafiti makini walipitwa na jambo hili? Kwanza, cheti cha bidhaa kinaposema usafi umezidi asilimia 95, kwa kawaida kinazungumzia protini tu. Sampuli hupitishwa kwenye jeli ya elektroforesisi na kutiwa rangi ya Coomassie, ambayo hushika protini. Endotoksini ni mafuta na sukari. Jeli inaweza kuonyesha mstari mmoja safi kabisa ilhali sampuli imejaa endotoksini ya kutosha kuziamsha makrofaji, ambazo huitikia hata kiasi kinachopimwa kwa pikogramu.

Pili, majaribio ya ulinganisho yalibeba dhana isiyothibitishwa. Ilichukuliwa kwamba kuchemsha sampuli huharibu protini na kuiacha endotoksini nzima. Kwa hiyo mwitikio ukififia baada ya kuchemsha, sifa hupewa protini. Lakini endotoksini ikiwa kidogo, joto hupunguza nguvu yake pia. Kadhalika, panya wasio na TLR4 timamu hawawezi kuamua shauri hili: ikiwa HSP70 na endotoksini zote zinadaiwa kupita mlango mmoja, kuufunga mlango huo hakutuambii nani alikuwa akiingia.

Matokeo ya Gao na Tsan hayathibitishi kwamba HSP70 haina kazi yoyote nje ya seli. Yanachothibitisha ni kwamba ushahidi uliotegemea vichupa vichafu hautoshi. Anayetetea dai kwamba HSP70 huamsha kinga ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi mwingine.

Huenda mtu akasema vipimo vya ziada ni ghali kwa maabara zenye bajeti finyu. Ni kweli vina gharama, lakini kufuata njia ya uashiriaji isiyokuwepo kunagharimu zaidi. Isitoshe, hatua zinazohitajika zinajulikana: kupima endotoksini kwa kipimo cha Limulus katika kila toleo la protini; kuzipa seli nyingine endotoksini pekee kwa kiwango kilekile kilichokutwa katika sampuli; kutumia polimiksini B, ambayo huifunga endotoksini; na, inapowezekana, kurudia jaribio kwa protini iliyozalishwa katika seli za mamalia. Hatua moja haitoshi bila nyingine, kwa kuwa bakteria huacha pia uchafu usio endotoksini.

Wahariri wa majarida nao wana wajibu. Makala inayodai kwamba protini fulani huamsha seli za kinga, bila kutaja chanzo cha protini hiyo na kiwango cha endotoksini kilichopimwa na watafiti wenyewe, irudishwe kwa waandishi kabla ya kupelekwa kwa wasomaji wa kitaaluma.