Hukumu ya Kununua Pikipiki Iliyotumika Isiyo na Kadi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi za hoteli, utalii na biashara Karatu, mji ulio njiani kutoka Arusha kwenda lango la Ngorongoro. Huko bodaboda ni riziki ya wengi: hubeba watu kwenda vijijini, na wafanyakazi kwenda mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Kijana akipata pikipiki ya bei nafuu huwapigia simu wazee wake wamsaidie fedha. Muuzaji anasema, "Pikipiki ni yangu, ila kadi sina." Je, inafaa kuinunua?

Jibu kwa ufupi

Kadi si nguzo ya biashara katika sharia, lakini umiliki ni sharti lake. Mwenye pikipiki akithibitika na akaridhia kuuza, biashara inasihi hata kama kadi imepotea. Asipothibitika, haifai kununua.

Msingi wa hukumu

Imam Nawawi katika Minhaj ametaja masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe milki ya anayefunga mkataba, na kijulikane. Anayeuza kwa niaba ya mwenyewe, kama wakala au walii, anaingia katika sharti la nne. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kwa madhehebu ya Shafii, anayeuza mali ya mwenzake bila ya idhini, biashara yake ni batili. Kwa Abu Hanifa na Malik inasubiri ridhaa ya mwenye mali. Akikataa, hakuna biashara.

Mtu atauliza: mbona tunanunua kuku au baiskeli bila ya karatasi yoyote? Ni kwa sababu kitu kuwa mkononi mwa mtu ni dalili ya kuwa ni chake. Lakini pikipiki Tanzania Bara husajiliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na kadi huandikwa jina la mwenyewe, namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chasisi na namba ya injini. Kadi ikikosekana, ile dalili ya mkono inaingia shaka, na shaka haiondolewi kwa kiapo cha muuzaji peke yake.

Kwa nini kadi haipo?

1. *Pikipiki ya mkataba.* Dereva humlipa mwenye chombo kwa siku au kwa wiki, na hukabidhiwa kadi akimaliza deni. Ikiwa makubaliano yao ni kuwa chombo kinabaki cha mwenyewe mpaka deni liishe, dereva hana cha kuuza. Mnunuzi azungumze na mwenye kadi.

2. *Kadi imewekwa dhamana ya mkopo.* Ikiwa pikipiki imewekwa rahani, haiuzwi bila ya idhini ya mwenye kudai. Deni lilipwe kwanza, au yeye aridhie kwa maandishi.

3. *Mwenyewe amefariki.* Mali ni ya warithi wote. Mtoto mmoja hauzi fungu la mama yake na ndugu zake bila ya idhini yao.

4. *Imeuzwa mkono kwa mkono bila ya kubadilisha jina.* Huenda ni halali, lakini atafutwe aliyeandikwa TRA au ifuatwe mikataba yote mpaka kumfikia.

5. *Imevushwa mpaka, kwa mfano Namanga, bila ya ushuru.* Huenda ni mali yake kweli, lakini mnunuzi anajibebesha deni la ushuru na hatari ya kukamatwa chombo. Huyo muuzaji ni wajibu wake kuibainisha aibu hiyo.

6. *Imeibiwa.* Akijua, au ikamkaa moyoni kwa dalili za wazi kama bei ya kutupa au namba ya chasisi iliyokwanguliwa, ni haramu kununua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, nayo inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi huku akijua au ana sababu ya kuamini kuwa imeibiwa.

Mwenyewe akijitokeza baadaye

Abu Daud na Nasai wamepokea kutoka kwa Samura kuwa anayeikuta mali yake yenyewe kwa mtu ndiye mwenye haki nayo zaidi, na mnunuzi amfuate aliyemuuzia. Nia njema inamwondolea mnunuzi dhambi, lakini haimpi milki. Kwa Mashafii, mwenyewe ana haki hata ya kudai ujira wa siku ambazo chombo chake kilitumika. Basi familia inaweza kupoteza pikipiki, fedha za mchango na sehemu ya mapato, na muuzaji ameshahama.

La kufanya kabla ya kutoa fedha

- Linganisha namba za chasisi na injini na zile zilizo kwenye kumbukumbu za TRA, na ulijue jina lililosajiliwa.
- Kama kadi imepotea, mwenye jina ndiye atoe ripoti polisi na kuomba kadi nyingine. Kazi hii isiachiwe mnunuzi.
- Andikeni mkataba wenye mashahidi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imetuelekeza kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana.
- Badilisheni jina TRA kwa kadi halisi, mkataba, vitambulisho na namba za mlipa kodi za pande zote mbili.
- Muuzaji akisema "lipa leo, kadi itafuata", mwambie ailete kwanza. Mwenye haki hatashindwa kusubiri.

Anayekusudia kuileta pikipiki Unguja au Pemba azingatie zaidi, kwani huku nako itahitaji kusajiliwa, na chombo kisicho na karatasi kitaishia kufichwa uani.

Aliyekwisha kununua

Amtafute muuzaji wamalize umiliki. Ikibainika si mali yake, airejeshe kwa mwenyewe au aipeleke polisi, na adai fedha zake. Haimfai kumuuzia mwingine ili ajinasue, kwani huko ni kumtwisha Muislamu mwenzake dhara ileile.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.