Chonge za Malukhu

Mimi ni mganga wa meno, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa Malukhu, hapa Mbale, ambako Mgisu, Mteso, Mjapadhola na Mbukusu aliyevuka mpaka kutoka Kenya hupanga vyumba mlango kwa mlango. Wengi huja na shida moja: fizi zinatoka damu. Kabla sijashika chombo chochote huwa nahesabu chonge za chini. Mara nyingi hazitimii.

Mtu kuzaliwa bila chonge za chini ni jambo adimu. Magego ya mwisho, naam, kuna watu wengi tu ambao hayawaoti. Chonge ni jino kaidi, na kwa kawaida huota. Kwa hiyo nikikuta pengo pale, au kijino kilichodumaa, cha rangi ya kahawia, kimejaa vishimo, nalo jino la jirani lina kovu kwenye enameli, sianzi kuuliza habari za ukoo. Namgeukia mama: "Mayi, huyu akiwa mchanga alitolewa meno?" Naye hujibu bila kusita: "Ndiyo, Musawo, alikuwa anakufa."

Kung'oa meno si jambo jipya huku kwetu. Wajaluo waling'oa sita ya mbele ya chini, na jamii nyingi za Kenya magharibi na Uganda mashariki ziling'oa machache zaidi. Kukhu wangu mzaa mama, Mbukusu wa upande wa Lwakhakha, alikuwa na pengo hilo na alitema mate kupitia hapo kwa shabaha ambayo sisi wajukuu tuliionea wivu. Ila meno yale yaling'olewa kijana akiwa ameshapata meno ya kudumu, hadharani, kwa fahari ya kabila lake. Kidonda kilipona, ufizi ukajifunga, mambo yakaisha. Shule na misheni zilipokuja, desturi ikafifia.

Hii ya watoto wachanga ni kitu kingine kabisa, na inanikera kuisikia ikiitwa mila ya mababu kana kwamba ni dada yake ile. Haina sherehe wala fahari. Hufanywa haraka, ndani ya nyumba, kwa kuwa mama ametishika. Mwaka 1969 Jens Jørgen Pindborg, bingwa wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, alichapisha makala kuhusu kukatwa kwa meno nchini Uganda na kasoro zinazofuata. Baadaye jina la ebino, au ebinyo, wanaloyaita meno hayo ya watoto, likajulikana karibu nchi nzima. Tanzania nayo ikawa na hofu yake ya "meno ya plastiki", na wengine wakasema ya nailoni. Mwaka 1994 madaktari wa meno wa Israeli waliandika kuhusu makovu kama hayo kwa watoto wa Kiyahudi waliohamia huko kutoka Ethiopia. Bila shaka hofu hiyo imesafiri hivyo kwa sababu mantiki yake inamwingia mzazi wa popote.

Itazame basi. Mtoto wa miezi mitano au sita anaanza kuonja uji na kutambaa, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopewa na mama inapungua. Anaharisha, anapata homa. Wakati uleule ufizi unapofunika chonge huwa umevimba na kuwa mweupe kidogo. Mzazi anaona vitu viwili kwa pamoja na anaviunganisha, kama ambavyo mimi ningeviunganisha. Mng'oaji anakata kwa kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anatoa kitu cheupe, laini, kama funza, anakiweka kiganjani: si huyu hapa mdudu? Kuhara kwa watoto wengi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Kukikoma, dawa imefanya kazi. Kusipokoma, walichelewa kumleta.

Gharama ilionekana hospitalini. Huko Gulu, Hospitali ya Lacor ilihesabu watoto 740 waliolazwa kati ya 1992 na 1998 kwa madhara ya ebino na ya tendo jingine waliloliita tea-tea. Takriban mmoja kati ya watano alifariki. Huku kwetu mashariki, Hanne Mogensen, mwanaanthropolojia wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba meno yale ni ya uongo lakini mateso ni ya kweli. Ningependa kila mhubiri wa afya anayefika kijijini na kipaza sauti aanzie hapo.

Mimi hukutana na waliopona. Kile cheupe kilikuwa chipukizi la chonge ya utotoni, na nyuma yake, karibu mno, chonge ya kudumu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujijenga. Spoku haibagui. Jino la kudumu likiponea, hutoka na enameli yenye mikwaruzo ambayo hushika ugaga hata kwa mtu anayepiga mswaki kila siku. Likipotea, majirani huinamia pengo na kuacha pembe ambazo mswaki haufiki. Likisukumwa nje kuelekea mdomo, mfupa unaolishikilia huwa mwembamba na ufizi hushuka hadi mzizi ukaonekana. Mgonjwa kama huyu ukimsafisha ugaga na kumwambia apige mswaki vizuri zaidi, atarudi na damu ileile, na sasa ana aibu juu yake.

Kwa hiyo nataka eksirei kwanza. Wakati mwingine jino limelala mfupani limepinda. Wakati mwingine ni odontoma, fundo la tishu za jino zisizo na umbo. Linalosumbua hutolewa. Lenye vishimo nalisawazisha kwa kijazio ili ugaga ukose pa kushika. Na lililo nje ya mstari namfundisha mwenyewe kulifikia kwa mswaki mdogo, kioo mkononi, hadi aweze.

Siku za chanjo mimi huenda kukaa na akina mama kabla watoto wao hawajafika umri wa kuota meno. Nawaeleza habari za maji ya chumvichumvi na zinki, na wananisikiliza kwa adabu. Mmoja hakuridhika. "Sawa, Musawo, kama si mdudu, kile cheupe ni nini? Nimekiona kwa macho yangu." Mgongoni mwa jirani yake alikuwapo mtoto wa karibu miaka miwili. Nikaomba ruhusa, nikaushusha mdomo wake wa chini kwa kidole, nikamwonyesha chonge. Ni hiki, nikamwambia, kikiachwa.