Fimbo ya Mzee na Kisu cha Mpishi

Yapo mazoea ya kuigawa hekima ya Uchina wa kale mafungu mawili, kama kwamba ni nyumba mbili zisizoombana hata moto wa jikoni. Fungu la kwanza hupewa Confucius, na ndani yake hutiwa ofisi, ada, utiifu na bidii. La pili hupewa Laozi na Zhuangzi, mabwana wa Njia, ambayo Wachina huiita Dao, na humo hutiwa mlima, mto, kivuli na mapumziko. Mgawanyo huu ni mwepesi kukariri. Walakini, mwenye kuvisoma vitabu vyenyewe kwa utulivu ataona kuwa swali lililowashughulisha wakubwa hawa lilikuwa moja: mtu aifanyeje kazi yake ya kila siku bila ya kuupoteza utu wake?

Tutazame kwanza kisa kimoja kilichomo katika Mazungumzo ya Confucius, kitabu kilichokusanywa na wafuasi wake baada ya kufa kwake mwaka 479 K.K. Mwanafunzi wake Zilu aliachwa nyuma safarini, akakutana na mzee aliyechukua kikapu kwenye fimbo begani. Akamuuliza kama amemwona mwalimu wake. Mzee akamjibu kwa kejeli: mwalimu gani huyo, ilhali viungo havijui sulubu na nafaka tano hazijui kuzipambanua? Kisha akaichomeka fimbo yake chini, akaendelea kupalilia. Zilu hakukasirika, alisimama kwa adabu, mikono ameikutanisha kifuani. Usiku ulipoingia mzee alimkaribisha kwake, akamchinjia kuku, akampikia, na akawaita wanawe wawili waje kumwamkia mgeni. Asubuhi Zilu akamfikia mwalimu wake na kumsimulia. Confucius akamrejesha kwa mzee, lakini alipofika alikuta mwenyewe keshaondoka.

Kisa hiki ni cha ajabu kwa kuwa wafuasi wa Confucius wamekihifadhi katika kitabu chao wenyewe, na lawama ya mzee haikufutwa. Lawama hiyo ni nzito. Anayefundisha namna ya kuwatawala wakulima, naye hajui kupalilia, anasema kwa haki gani? Jawabu la Zilu nalo lina uzito wake. Alisema kuwa mzee huyo, kwa kuwaleta wanawe wamwamkie mgeni, ameonyesha kuwa hawezi kuiacha ada baina ya mkubwa na mdogo. Basi ataiachaje haki iliyopo baina ya raia na dola? Mtu aliyeukimbia ulimwengu alikuwa bado anauendesha ndani ya nyumba yake, kwa kuku mmoja na salamu mbili.

Kama mzee wa shambani alikuwa na ada za Confucius nyumbani, Confucius naye alikuwa na dirisha lililoelekea mtoni. Siku moja aliwauliza wanafunzi wanne wangependa kufanya nini lau wangepata fursa. Watatu walitaja utawala na ibada za kidola. Wa nne, Zeng Xi, aliweka kinanda chake chini, akasema angependa, mwisho wa majira ya kuchipua, aende na vijana na watoto kuoga katika mto Yi, wapunge upepo, kisha warudi nyumbani wakiimba. Confucius akashusha pumzi, akasema yu pamoja na huyo.

Mtarjumu anayezishika hoja hizi kwa Kiswahili hukutana na bahati na mtihani. Bahati ni kwamba neno kuu la Confucius, ren, lina jamaa yake kwetu, nalo ni utu. Katika hati ya Kichina huandikwa kwa alama ya mtu pamoja na alama ya mbili: utu hauonekani mpaka wawepo watu wawili. Kwa hiyo, kwake Confucius, kazi ni deni baina ya watu. Baba ana deni la ubaba, hakimu ana deni la uhakimu, na jina lisilolipiwa kwa vitendo ni jina tupu. Mtihani uko upande wa pili, katika neno wuwei. Likitafsiriwa kutotenda, msomaji atadhani anaitwa kwenye uvivu. Maana yake iko karibu zaidi na kutolazimisha.

Zhuangzi, aliyeishi karne ya 4 K.K., ameieleza maana hiyo kwa mpishi na kisu. Mpishi Ding alikuwa akichinjua ng'ombe mbele ya bwana wake, na kisu kikenda kwa mahadhi kama ngoma. Mpishi wa kawaida, alisema, hubadili kisu kila mwezi kwa kuwa anakata kwa nguvu. Mpishi hodari hubadili kila mwaka. Chake yeye kina miaka 19 na makali yake ni kama kimetoka kunolewa sasa hivi, kwa sababu hakigusi mfupa, bali hupita penye nafasi baina ya viungo. Na kila afikapo penye fundo gumu, husita, hutazama, huenda polepole. Tuzingatie kwamba mpishi huyu hakupumzika mlimani. Ni mtumishi, yuko kazini, mikono ina damu. Utao wake umo ndani ya kazi yenyewe.

Mafundisho haya yalikuja kupimwa katika maisha ya washairi, kwa kuwa Uchina, kwa karne nyingi, ndiyo nchi ambayo mshairi na mtumishi wa serikali aghalabu walikuwa mtu mmoja. Tao Yuanming aliacha uhakimu wa wilaya ya Pengze mwaka 405, baada ya siku zipatazo 80 tu, kwa kukataa kuuinamisha mgongo mbele ya mkaguzi kwa sababu ya mshahara wa nafaka. Akarudi shambani akalima mwenyewe, hata alipofariki mwaka 427. Wapenzi wa mashairi humsifu kwa uhuru huo, nao wana haki. Lakini alilionja jembe na njaa pamoja, na katika waraka kwa wanawe watano alisikitika kwamba umasikini wa nyumba umewatwisha kazi ya kuni na maji tangu udogoni. Uhuru wa baba ulilipiwa na mabega ya watoto. Confucius angeuliza hapo: na deni la ubaba je?

Miaka 600 na zaidi baadaye, Su Shi aliyabeba mafundisho yote mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1079 alitiwa gerezani kwa ajili ya mashairi yaliyodaiwa kuitukana serikali, kisha akahamishiwa Huangzhou. Hapo alilima ardhi iliyokuwa imeachwa, akajiita Dongpo, yaani Mteremko wa Mashariki, kwa jina la shamba lake. Aliporejeshwa madarakani na kupelekwa Hangzhou mwaka 1089, alilikuta Ziwa la Magharibi limejaa magugu na tope. Akaiandikia serikali kuu, akatafuta fedha, akakusanya vibarua, ziwa likachimbuliwa. Tope lile, ambalo halikuwa na pa kutupwa, likafanywa tuta la njia lenye urefu wa karibu kilomita 3, likikatisha ziwa. Mpaka leo watu hulipita. Katika kazi hiyo naona deni la Confucius kwa raia wanaohitaji maji, na kisu cha mpishi Ding kilichopita penye nafasi.

Mwaka 1097 alihamishwa tena, safari hii hadi kisiwa cha Hainan, kusini kabisa. Katika miaka yake ya uhamishoni aliyajibu mashairi ya Tao Yuanming moja baada ya moja, zaidi ya 100. Aliruhusiwa kurudi bara mwaka 1100, akafariki mwaka uliofuata.

Basi tusiwasome hawa kama wapinzani wa kushangiliwa au kuzomewa. Confucius anatuuliza kazi yetu inamlipa nani deni. Zhuangzi anatuuliza kwa nini kisu chetu kinabutuka upesi hivi. Na yule mzee wa kikapu anatuuliza, sisi wenye kalamu hasa, nani anapalilia wakati tunaandika. Swali lake ndilo gumu kuliko yote, na si Confucius wala Zhuangzi aliyetupunguzia uzito wake.